UZI: Vitabu vya kusoma wikiendi ndefu ya Siku ya Shukrani (mlioko Marekani na Kanada, karibuni)

Mkulima wa Theluji (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Alhamisi ya nne ya Novemba hiyo inanukia. Kwa wengi wetu tulioko Marekani ni siku nne mfululizo: Alhamisi yenyewe, Ijumaa ya kukanyagana madukani, kisha Jumamosi na Jumapili. Wenye zamu za hospitali na maghala poleni, najua nyie sikukuu mnaisikia redioni. Humu jamvini kila mwaka tunaulizana nani anapika pilau, bata mzinga anaingia kwenye oveni saa ngapi, televisheni zimeshuka bei wapi. Vitabu haulizi mtu. Leo nauliza mimi, na naanza kujibu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge vizuri. Kitabu cha sikukuu hii si lile buku nene unalolikwepa tangu Januari. Watu hudhani mapumziko maana yake utulivu. Utulivu gani? Nyumba ina shemeji, wana wa shemeji, jirani Mnigeria mliyemwalika, na timu ya Detroit ya futiboli ya Kimarekani iko kwenye televisheni kwa desturi iliyoanza mwaka 1934. Kitabu kinachofaa ni kile kinachokubali kukatizwa. Unakilaza kifudifudi, unakwenda kugeuza chapati, ukirudi hadithi bado unaijua. Kikisomeka kwa sauti mbele ya watu, hicho ndicho hasa.

Kwa hiyo mimi naanza na hadithi fupi. O. Henry ana moja iitwayo "Two Thanksgiving Day Gentlemen", imo kwenye mkusanyo wake wa 1907. Kuna maskini mmoja wa New York ambaye kila Siku ya Shukrani hukaa kwenye benchi lilelile la Union Square, na mzee mmoja nadhifu humfuata na kumpeleka kula. Imekuwa mila. Mwaka huo yule maskini kabla hajafika kwenye benchi ameshanaswa na vikongwe wawili matajiri wakamshindilia chakula hadi vifungo vinalia. Mzee naye huyo anakuja. Unamwambiaje mtu anayejivunia wema wake kwamba umeshiba? Mwisho sisemi. Robo saa umemaliza, na mkianza kubishana nani alimtendea wema nani, pai ya maboga itapoa mezani.

Ya pili ni ya Louisa May Alcott, "An Old-Fashioned Thanksgiving", ya miaka ya mwanzo ya 1880. Wazazi wa shambani New Hampshire wanaitwa ghafla kwa bibi mgonjwa, watoto wanabaki peke yao na wanaamua kupika karamu nzima. Binti anayejifanya mjuzi anakosea majani ya kutia ndani ya bata mzinga, anatia machungu ya dawa. Wasomeeni mabinti wanaojidai jikoni.

Ya tatu, Truman Capote, "The Thanksgiving Visitor", 1967. Alabama, miaka ya 1930. Mtoto anaonewa shuleni na jeuri mmoja, halafu binamu yake mzee anayemlea anamwalika jeuri huyohuyo aje kula nao. Hii ni ndefu kidogo na inauma. Isomeni usiku wageni wameondoka.

Vile vitabu vyenye neno shukrani kubwa jaladani, vyenye kurasa tupu za kuandika mambo matatu kila asubuhi, mimi naviacha dukani. Havina ubaya, ila ni daftari. Leteni vyenu.

Mtoto wa Ngamiani

Mkuu umeandika vizuri, lakini umeruka shimo. Hiyo sikukuu ina wenyewe na kilio chao. Wampanoag, wenyeji wa asili wa pwani ile, waliwapokea wale Waingereza waliokuja kwa meli ya Mayflower, wakawaonyesha kupanda mahindi, nao walilipwa nini? Kabla ya kutupa hadithi za bata mzinga ungetuambia hilo. Mimi Alhamisi hiyo napika ugali na dagaa, basi.

Mkulima wa Theluji

Ngamiani, hoja ni halali na vitabu vyake vipo.

Chanzo chenyewe cha ile karamu ya 1621, inayoitwa Siku ya Shukrani ya kwanza, ni kifupi ajabu. Ni barua ya Edward Winslow ya Desemba mwaka huo, na ndani yake karamu ina sentensi chache tu: mavuno yamekuwa mazuri, watu wanne wametumwa kuwinda ndege, mkuu wa Wampanoag amefika na wanaume wapatao 90, wamekaa siku tatu, wameua paa watano wakawaletea wenyeji wao. Bata mzinga hatajwi kwa jina. Kumbuka pia kwamba nusu ya abiria 102 wa Mayflower walikuwa wameshakufa katika baridi ya kwanza, kwa hiyo wageni walikuwa wengi kuliko waliowaalika, kama kweli waliwaalika.

Anayetaka habari kamili asome "This Land Is Their Land" cha mwanahistoria David Silverman, 2019. Anaanza na ugonjwa uliofyeka watu wa pwani ile kati ya 1616 na 1619, ndipo unaelewa kwa nini mkuu huyo, Ousamequin, tuliyezoeshwa kumwita Massasoit, alihitaji washirika. Anaeleza habari za Tisquantum, Mwampanoag aliyetekwa 1614 akauzwa Hispania, akarudi 1619 akakuta kijiji chake kimekwisha. Halafu vita na Waingereza vya 1675 na 1676, vilivyoongozwa na mwana wa Ousamequin mwenyewe. Kinene, nakubali, kinavunja kanuni yangu. Ila sura za mwanzo zinajitosheleza.

Na kama unataka kitu cha kusoma mezani kwa dakika kumi: hotuba ya Wamsutta Frank James, Mwampanoag, ya mwaka 1970. Aliombwa azungumze kwenye karamu ya miaka 350 tangu Mayflower ifike. Waandaaji walipoiona hotuba wakaikataa. Akaenda kuisoma juu ya kilima Plymouth, na tangu mwaka huo watu hukusanyika hapo kila Siku ya Shukrani kuifanya siku ya maombolezo. Imesambaa mtandaoni. Soma, halafu pakua huo ugali.

Mtoto wa Ngamiani

Sawa, hapo umenijibu. Dagaa wapo palepale.

Bibi Kanga

Wanangu, mmeongea ya watu wazima, na wajukuu je? Mimi nasaidia darasa la watoto wadogo huku Ohio, na Novemba ikiingia ni makofia ya karatasi na manyoya ya rangi kichwani. Nimekaa na vitabu vya watoto vya msimu huu vingi kuliko nilivyotaka. Vingi ni sukari tupu. Vitatu navitetea.

Cha kwanza "Keepunumuk", cha 2022. Mmoja wa walioandika, Danielle Greendeer, ni Mwampanoag wa Mashpee. Hadithi inasimuliwa na nyanya kwa wajukuu wake bustanini, na anayewahurumia wageni waliofika ni Muhindi, yaani mmea wenyewe wa mahindi, pamoja na dada zake maharage na boga. Watoto wetu hawashangai mahindi kusema. Kwetu hata sungura anasema.

Cha pili "We Are Grateful: Otsaliheliga" cha Traci Sorell, raia wa taifa la Cherokee, 2018. Hakina njama yoyote, ni majira manne tu kuanzia vuli na watu wanashukuru kwa furaha na kwa msiba pia. Kile kiitikio cha Kicherokee watoto wanakipenda kuliko Kiingereza kilichokizunguka. Acha wapige kelele.

Cha tatu ndicho nawapa wazazi wote wageni: "Molly's Pilgrim" cha Barbara Cohen, 1983. Molly ni mtoto wa Kiyahudi kutoka Urusi, wenzake wanamcheka lafudhi. Mwalimu anaagiza kila mtoto atengeneze mwanasesere wa mhamiaji wa Mayflower. Mama Molly anasikia maelezo ya kazi, anatengeneza mwanasesere anayefanana na yeye mwenyewe, kitambaa kichwani na kila kitu. Molly anaona aibu kumpeleka darasani. Mnaelewa tayari. Mtoto aliyewahi kwenda shule na mandazi kwenye kopo akarudi nayo hayajaguswa anaelewa haraka kuliko nyie.

Njugu Mawe

Shikamoo Bibi Kanga. Hicho cha tatu nishakiandika.

Sasa wadau, mnaniangusha. Tumefika jibu la tano na hakuna hata kitabu kimoja cha Kiswahili. Mimi niko Houston, nyumba yetu wikiendi hiyo hujaa watu wa Mombasa, Nakuru na Moshi, na lugha pekee ya kuwaweka pamoja ni Kiswahili. Kanuni ya mwanzilishi ya kitabu kinachokubali kukatizwa mimi naikubali kabisa, ndiyo maana naleta Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Anzeni na "Mzimu wa Watu wa Kale", 1960, halafu "Kisima cha Giningi". Mpelelezi na kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum pembeni hajui kinachoendelea sawasawa na wewe msomaji. Maiti inapatikana kwenye mzimu, kila mtu ana siri. Soma sura moja baada ya chakula, funga kitabu, waulize waliopo nani muuaji. Kesho yake sura nyingine. Siku nne zinatosha kabisa. Hata wale vijana wa simu watasogea, watake wasitake, maana mjomba ataanza kumshutumu mtu asiyehusika.

Cha kusoma mwenyewe: "Siku Njema" cha Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga aliyebaki bila mama, anavuka kwenda Kenya kumtafuta babake. Wakenya tuliokisoma shuleni tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Kirudie ukiwa na miaka arobaini na uko mbali na kwenu, ni kitabu kingine. Walibora mwenyewe alisomea udaktari wake Ohio, na akafundisha Wisconsin.

Mtoto wa Ngamiani

Kongowea ni wa kwetu Tanga, msimchukue.

Njugu Mawe

Alituachia mwenyewe, alivuka kwa hiari yake 😂

Bahari Shwari

Kwa mada ya shukrani hasa, mbona hamjamtaja Shaaban Robert? "Adili na Nduguze". Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Anawagawia mali, wanaipoteza, anawagawia tena, na wao wanamlipa kwa kutaka kumuua. Wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku, naye anawachapa huku analia na kuwabembeleza. Hakuna kitabu cha Kiingereza mlichotaja kinachomweka msomaji pabaya namna hiyo. Na ni chembamba.

Mkulima wa Theluji

Nakubali ni kizuri, ila kwa watoto waliozaliwa huku Kiswahili chake kitawatoa jasho. "Utubora Mkulima" ningeelewa kwa mtu mzima aliyechoka na mji. Kuwasomea watoto wa Minneapolis Shaaban kwa sauti? Dakika tano wametoroka.

Bahari Shwari

Hapana mkuu, hapo unawadharau. Usiwasomee neno kwa neno. Soma ukurasa, funga, simulia. Kisa cha nyani anayechapwa na mwenye kumchapa analia, mtoto gani atatoroka? Nimefanya hivyo na wa kwangu, wakataka kujua kama manyani watasamehewa. Ugumu wa Shaaban uko kwenye sentensi, kisa ni chepesi kabisa. Na vitabu vya kale ndivyo vilivyozoea kusomewa kundi zima.

Na kwa wale wanaosubiri wageni waondoke: Abdulrazak Gurnah. Tangu apate Nobeli mwaka 2021 kila mtu anajidai amemsoma. "Paradise" sasa ipo kwa Kiswahili, "Peponi", tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022. Yusuf anatolewa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, naye anadhani anakwenda kwa ami. Nimekisoma kwa lugha zote mbili, na kwa Kiswahili misafara ile inanuka jasho na bizari zaidi. Ila hiki hakikatizwi. Chagua Jumamosi, funga mlango.

Wa Bukavu

Jambo yenu bote. Miye niko wa Bukavu, sasa niko Kentucky. Kiswahili yangu ni ya kwetu, musinicheke. Mama yangu tunaishi naye. Hajuwe kusoma, lakini hadisi za zamani anazijuwa zote. Batoto bangu banajuwa Kingereza na Kiswahili kidogo tu. Hiyo siku ya shukrani bote batakuwa ku nyumba. Ni kitabu gani itamufurahisha mama pia? Sitaki akae peke yake ku kona.

Bibi Kanga

Mwanangu wa Bukavu, hakuna wa kukucheka hapa.

Mama asisomewe, asikilizwe. Mpe kiti, weka simu juu ya meza, waambie watoto kila mmoja alete swali moja. Kuna shirika linaitwa StoryCorps, tangu 2015 linawahimiza vijana wa Marekani wikiendi hiyohiyo wawarekodi wazee wao. Lina programu ya simu ya bure yenye maswali tayari. Ukikubali, rekodi inahifadhiwa pamoja na hazina za Maktaba ya Bunge ya Marekani. Usipotaka kuiweka kwao, bakia nayo mwenyewe, si lazima.

Ushauri wangu: msianze na "tusimulie maisha yako". Swali hilo huwanyamazisha wazee. Muulizeni jambo dogo, kwa mfano harusi yake walikula nini, au nani alimfundisha kusuka. Atafika mwenyewe kwenye makubwa. Na aseme lugha yake, mkubwa wa watoto afasirie wadogo.

Wa Bukavu

Aksanti sana mama. Ile ya chakula ya harusi nitafanya. Najuwa itachukuwa masaa.

Jirani wa Maple

Sisi wa Toronto kwetu imeshapita, huwa Jumatatu ya pili ya Oktoba. Lakini nimekuja kuongeza kimoja. "Braiding Sweetgrass" cha Robin Wall Kimmerer, 2013, mtaalamu wa mimea na raia wa taifa la Potawatomi. Ndani kuna insha kuhusu maneno ya shukrani ya Wahaudenosaunee, yale mataifa ya asili yaliyozoeleka kwa jina la Iroquois, yanayotangulia shughuli yoyote: wanashukuru maji, samaki, mimea, miti, ndege, pepo, jua, mwezi, kimoja baada ya kingine, na watu wanaitikia. Watoto wa shule ya kwao huyasema badala ya kiapo cha bendera. Insha zote zinasimama zenyewe, hivyo kanuni ya kukatizwa haivunjwi. Niliwahi kuisoma insha hiyo kwa sauti kabla ya kula, na mjomba mmoja mwenye njaa alilalamika kwamba tumefika kwenye samaki na bado hatujala hata mmoja. Fupisheni.

Mkulima wa Theluji

Hahaha, mjomba ana hoja.

Hicho nakiondoa kwenye lawama zangu za vitabu vya shukrani. Tofauti yake ni kwamba hakikuambii ujisikie vizuri. Kinakuuliza umepokea nini, na una deni gani kwa aliyekupa.

Kapu la Ukindu

Swali la mtu wa kawaida: hivi vya Kiswahili mnavipata wapi? Nimetafuta "Mzimu wa Watu wa Kale" kwenye lile duka kubwa la mtandaoni, ama hakipo ama bei yake ni ya kununua mbuzi.

Fundi Saa

Hapa nadhani naweza kusaidia, nafanya kazi maktaba ya chuo.

Usinunue kwanza. Maktaba ya Bunge ya Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, na kazi yake ni kununua vitabu vinavyochapwa Afrika Mashariki na nchi jirani, kwa ajili yake na kwa ajili ya vyuo vikuu vinavyoshirikiana nayo. Ndiyo maana utakuta riwaya ya Dar es Salaam imekaa kwenye rafu ya Wisconsin au Indiana, haijaguswa miaka. Ingia kwenye tovuti ya WorldCat, andika jina la kitabu, itakuonyesha maktaba zilizonacho. Halafu nenda maktaba ya mtaa wako, mwambie mhudumu unataka kuazima kutoka maktaba nyingine. Kwingi ni bure au ada ndogo. Kasoro ni muda: kinaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo omba mapema, usisubiri wiki yenyewe.

Vya Kiingereza ni rahisi. Kadi ya maktaba inakufungulia programu ya Libby kwenye simu, vitabu vya kusoma na vya kusikiliza, bure. Vipya vina foleni, ingia foleni sasa. O. Henry na Alcott hakimiliki zao zilishakwisha Marekani, wako kwenye tovuti ya vitabu vya bure ya Project Gutenberg, na LibriVox kuna watu wa kujitolea wamewasoma kwa sauti. Sauti nyingine zinachosha, sikiliza dakika mbili kwanza kabla ya kuwawekea wageni.

Peponi bado kinachapwa, hicho nunua. Mchapishaji ale naye.

Kapu la Ukindu

Ubarikiwe mkuu. Kumbe nimekaa karibu na chuo miaka yote hii. Mtu asiye mwanafunzi anaruhusiwa kuingia?

Fundi Saa

Vyuo vingi vya serikali unaingia na kusomea humo bila shida. Kuazima na kutoka nacho ndiko kunakotofautiana, piga simu uulize. Na wiki hiyo fika Jumanne, au Jumatano asubuhi. Jumatano alasiri wengi wetu tumeshafunga, na Ijumaa usitutafute.

Njugu Mawe

Mkulima, tengeneza basi orodha moja tuiweke juu ya uzi. Na Bwana Msa awe wa kwanza.

Mkulima wa Theluji

Orodha nitaiweka Jumapili nikitoka kazini. Wa kwanza ni O. Henry. Bwana Msa wa pili. Ngamiani akiwa na nakala atuletee, maana niliyoomba maktaba ya hapa wamesema bado iko njiani kutoka Madison.

Mtoto wa Ngamiani

Nakala yangu haitoki nyumbani. Njooni mle dagaa.